Siku Diski Iliposema RAW

Vijana wa ufundi, mmeniomba daftari langu la amri za kompyuta. Nimemtuma mdogo wangu awaletee, lile la kava la buluu lenye madoa ya chai. Lakini daftari halisemi kila kitu, ndiyo maana naongeza kurasa hizi. Mtanivumilia. Nimeishia darasa la saba, Mbulumbulu, na naandika polepole. Mstari mmoja naweza kuukalia mpaka maharage yaungue jikoni.

Najua mnacheka nikisema nimestaafu. Nina miaka thelathini na mbili. Lakini nilianza nikiwa na kumi na saba, kwenye kiti cha plastiki katika duka la kutengeneza simu na kompyuta, jirani na stendi ya Karatu, na nimekaa hapo mpaka kiti kikapasuka, nikaletewa kingine, nacho kikapasuka. Mtu akiiacha kazi na haitaki tena, mimi namwita mstaafu. Nyinyi tafuteni jina lenu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari mtakuta mwandiko usio wangu. Ni wa Hamisi. Hamisi alikuwa fundi kabla yangu, mtoto wa watu waliotoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya huku. Alikuwa na laptopu moja kuukuu, herufi M imeng'oka, aliyoiwekea mfumo wa Linux badala ya Windows. Alipoondoka kurudi kwao aliniachia laptopu hiyo na daftari, na tabia moja ambayo sikuweza kuirithi.

Tabia yenyewe ni hii: kila kitu kompyuta ilichokiandika, Hamisi alikisoma kwa sauti. Akichomeka flashi ya mteja, anaandika lsblk, kisha lsblk -f, anabonyeza Enter, halafu anasoma kama mwalimu wa zamu anayeita majina. “Esi-di-bii moja! Vfat! Jina lake HARUSI! Gigabaiti kumi na nne!” Wateja walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa natamani kuingia chini ya meza.

“Soma, dada,” aliniambia. “Kompyuta imekujibu, halafu unaionea haya kama mkwe?”

“Nasoma kwa macho, kaka.”

“Macho yanaruka. Mdomo hauruki. Na ukisoma kwa sauti mteja naye anasikia mali yake inaitwaje.”

Nilicheka tu. Mimi ni mtu wa aibu tangu utoto. Darasani nilikuwa najua jibu na siinui mkono. Niliendelea kusoma kwa macho miaka yote. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa niwaeleze kitu chenyewe, maana wengine kati yenu mnabonyeza tu bila kujua mnaomba nini. Diski ni kama nyumba ya kupanga. Nyumba moja, vyumba kadhaa. Nyumba ya kwanza Linux inaiita sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Vyumba ndivyo patisheni: sdb1, sdb2. Ukiandika lsblk peke yake unapewa orodha ya nyumba na vyumba na ukubwa wake. Ukiongeza -f unaambiwa kila chumba kimepangwa kwa mtindo gani, huo ndio mfumo wa faili. Ntfs ni ya Windows. Vfat na exfat utazikuta kwenye flashi na kadi za kamera. Ext4 ni ya Linux, na hapa msikilize vizuri: utaikuta pia ndani ya vitu ambavyo mwenyewe hajui kama vina Linux. Kisanduku cha kamera za ulinzi cha lodge. King'amuzi. Kamera ya gari. Mwenye gari anajua ana kamera, basi.

Amri hiyo haigusi kitu. Haifuti, haiandiki. Inauliza tu. Ndiyo maana mnaanza na hiyo.

Kuna nyingine, sudo fdisk -l, nayo msiiamini sana. Siku moja mwalimu kutoka Sale alileta flashi ya mitihani, nikaangalia kwa fdisk, nikanong'ona kwamba ni ntfs. Hamisi akaja, akaangalia, akapiga makofi. “Umesoma gunia!” Kumbe fdisk inasoma maandishi ya nje tu, na maandishi yale yalikuwa yametaja aina tatu kwa mpigo. Na nyinyi mnajua mambo ya magunia huku kwetu: limeandikwa mbolea, ndani mna maharage. Sudo blkid ndiyo inayotia mkono ndani ikatoa punje. Ilikuwa exfat.

Makosa yangu mengine ni ya kuchekesha, nayaandika ili mpumue kidogo kabla ya lile kubwa.

Nimewahi kufuta diski ya Hamisi ya taarabu. Jana yake flashi ya mteja ilikuwa sdb, na mimi nikadhani sdb ni jina lake la ubatizo. Siyo. Herufi hutolewa kwa kufika: anayechomekwa kwanza ndiye anayewahi. Siku hiyo diski ya Hamisi ilikuwa imewahi. Niliona ukubwa hauendani, gigabaiti mia tano badala ya nane, na nikabonyeza hivyohivyo. Hamisi aliangalia skrini, kisha akasema, “Haya. Leo tutasikiliza jenereta ya jirani.” Tangu hapo naangalia ukubwa kwanza. Herufi hubadilika, ukubwa haubadiliki.

Na kulikuwa na kijana wa Enguserosambu aliyekuja na kadi ya simu kwenye kipande cha nailoni, ameifunga mafundo matatu. Ameteremka nayo kutoka huko mbali mpaka Karatu.

“Dada, imekufa?”

Niliangalia. Blkid haikuona mfumo wowote wa faili, lakini lsblk nikiiomba ionyeshe na jina la patisheni ilisema android_expand. Maana yake simu ilikuwa imeifanya kadi iwe sehemu ya tumbo lake na kuifunga kwa ufunguo ambao simu yenyewe ndiyo inao.

“Haijafa. Inafunguka kwenye simu yake tu. Simu iko wapi?”

“Nimeuza mnadani.”

“Basi haifunguki.”

Alifikiri. “Kwa hiyo hii ni ndama anayenyonya kwa mama yake tu, na mimi mama nimemuuza.” Alicheka mpaka akakaa. Kisha akauliza mara ya pili kama hakuna njia, nikamwambia hakuna, akaanza kufunga mafundo yake upya, matatu kama mwanzo. Sikumuuliza ndani ya kadi kulikuwa na nini.

Sasa lile kubwa.

Hamisi alikuwa ameshaondoka. Mwenye duka alikuwa mtu tuliyemwita Injinia. Alikuwa na diploma ya Arusha, imewekwa kioo, imetundikwa juu ya kaunta mahali ambapo maduka mengine hutundika kalenda. Sitamtaja jina. Alikuwa mwepesi wa mikono na mzuri wa maneno, na neno moja tu hakuwa nalo: sijui.

Alhamisi asubuhi aliingia Mzee Safari. Safari ni jina lake kweli, la nyumbani, ingawa kazi yake nayo ilikuwa kuendesha watalii. Watu walimtania kwamba alizaliwa na kibandiko cha gari la watalii. Siku hiyo hakutania. Alikuwa na diski mkononi, ameifunga kwa kitambaa.

Habari yake ilikuwa imeshazunguka mjini. Gari lake liliacha njia kwenye kona za kuteremkia kreta, lile bonde la wanyama, likalala ubavu. Mgeni mmoja alivunjika mkono. Kampuni ilisema alikuwa anaongea na simu. Yeye alisema lori la kokoto lilimjia upande wake, akalikwepa. Hakukuwa na shahidi. Wageni wake wote walikuwa wanaangalia upande wa kreta kwa kamera zao. Lakini chini ya kiti kulikuwa na kisanduku cha kamera ya gari. Ofisini walikifungua, wakachomeka diski kwenye kompyuta yao, ikasema haisomeki, wakamwambia, “Chukua, labda wewe utaona kitu.” Kikao cha kumfukuza au kumbakiza kilikuwa Jumatatu.

“Binti yangu,” aliniambia, maana Injinia alikuwa ametoka kunywa chai, “nitafutie lile lori tu. Sitaki kingine.”

Niliichomeka kwenye laptopu ya Hamisi. Nikaandika lsblk -f. Ikajibu mara moja. Naona ule mstari mpaka leo: sdb1, ext4, jina lake REC. Diski ilikuwa nzima. Haikuwa imeharibika hata kidogo. Ofisini haikusomeka kwa sababu kompyuta za ofisini hazikijui chumba cha namna ile, basi. Ilibaki amri moja ya kuifungua kwa kusoma tu, bila kuandika chochote juu yake, na tungekaa kutafuta lori.

Hamisi angepiga kelele. “Ext4! Jina lake REC!” Duka zima lingesikia.

Mimi niliandika kwenye daftari.

Injinia akaingia anajifuta mdomo. “Wewe! Hiyo skrini nyeusi tena? Unataka kuiba benki?” Waliokuwepo wakacheka. Nikahisi masikio yanawaka. “Mzee Safari, shikamoo. Huyu usimpe kazi nzito, huyu ni wa kuweka nyimbo kwenye flashi. Lete hapa.” Akachomoa waya, akachomeka kwenye kompyuta yake ya Windows.

Windows ikasema inabidi diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Injinia akafungua maelezo yake, na hapo, mbele ya mfumo wa faili, palikuwa pameandikwa RAW.

Fundi yeyote wa kompyuta mahali pengine angejua maana yake: Windows inasema sikitambui hiki. Lakini hapa ni Karatu. Hapa neno RAW limeletwa na wageni wenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Mzee Safari alikuwa amewasikia miaka ishirini wakilitaja kwa heshima.

“RAW!” alisema, akasimama. “Si ndiyo yenyewe! Picha kubwa, zile safi! Wageni wangu hawapigi nyingine!”

“Umeona?” Injinia akasema. “Zimo. Nilijua zimo.”

“Ila RAW haifunguki ovyo,” Mzee Safari akasema. “Kuna mgeni alikuwa ananionyesha kwenye kamera yake: unaingia kwenye fomati, unachagua RAW au ile ya kawaida.”

“Ndiyo hivyohivyo. Tunaibadilisha fomati tu.”

Msidhani Injinia hakujua kwamba kufomati kunafuta. Alijua. Lakini alikuwa na mazoea yake: kadi ya mteja ikigoma, anaifomati haraka, kisha anapitisha programu ya kurudisha vilivyofutika, na mara nyingi vilirudi. Alikuwa ameshafanya hivyo kwa kadi nyingi. Alimwambia Mzee Safari, “Hata ikifuta usishtuke, nina programu ya kurudisha.” Na kwa kweli, kwa njia ile yake mbaya, huenda sehemu kubwa ingerudi. Kufomati kwa haraka kunang'oa namba za milango tu. Vitu vyumbani vinabaki.

Likatokea dirisha la kufomati. Chini yake kuna kisanduku chenye alama ya vema: Quick Format. Mzee Safari alijua Kiingereza cha barabarani vizuri sana.

“Hiyo quick ni haraka?”

“Ni haraka, Mzee.”

“Hapana, bwana. Hapana. Maisha yangu yako humo. Usifanye haraka, fanya vizuri.”

Injinia akatabasamu kama mtu aliyepata mteja anayejua ubora. Akatoa ile alama ya vema.

Wadogo zangu, alama ile ikiondolewa, kompyuta hupita diski nzima, sentimita kwa sentimita, ikiandika sifuri. Hakuna programu ya kurudisha kitu kutoka kwenye sifuri.

Mimi nilikuwa nalijua hilo. Hamisi alikuwa ameniandikia, ukurasa wa nne, amepigia mistari miwili. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye ule waya. Injinia alibonyeza, onyo likatokea, akalibonyeza nalo bila kulisoma, na ule mstari wa kijani ukaanza kutembea.

Ilichukua asubuhi yote. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Haikuwa ajali ya kufumba na kufumbua. Asilimia mbili. Asilimia tano. Kwenye tano ningechomoa waya, karibu kila kitu kingekuwa bado kimo. Kwenye ishirini bado. Mzee Safari aliagiza chai na maandazi ya watu wote, na mimi nikapewa langu. Nilikula. Mdomo ulikuwa na kazi hiyo. Nilijiambia Injinia ana diploma. Nilijiambia labda mimi ndiye niliyekosea, ni mtoto wa darasa la saba. Nilijiambia nikifika thelathini nitasema. Halafu hamsini. Kwenye sabini nikaenda kufagia nje palipokuwa pameshafagiwa.

Programu ya kurudisha ilipopita, ilileta sifuri. Injinia akaipitisha tena. Mzee Safari akawa anamwangalia yeye, halafu skrini, halafu yeye.

“Lori liko wapi?”

Injinia akageuza kiti. “Mzee, nikuambie ukweli. Huyu binti aliichomeka kwenye ile kompyuta yake kabla sijafika. Zile skrini nyeusi huwa zinaharibu diski. Nimeikuta imeshakwisha.”

Mzee Safari akanigeukia. Hakukasirika. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeomba njia. “Binti, ni kweli?”

Na hata hapo. Hata hapo, wadogo zangu, niliangalia skrubu zilizokuwa kwenye kifuniko cha chupa. Kunyamaza kwangu kukawa saini yangu chini ya maneno ya Injinia.

Aliifunga diski kwenye kitambaa chake akaiacha mezani. Walipoondoka wote niliichomeka, nikaomba kompyuta inionyeshe kilichoandikwa katikati yake. Ipo amri ya hivyo, mtaiona ukurasa wa kumi na moja, hexdump. Inapokuta sifuri tupu mfululizo haijisumbui kuziandika zote. Inaweka mstari mmoja wa sifuri, chini yake nyota moja, basi. Hivyo ndivyo lile lori lilivyobaki. Nyota moja.

Jumatatu Mzee Safari aliingia kikaoni mikono mitupu. Alifukuzwa. Karatu ni ndogo na madereva wanajuana na ofisi zinajuana. Hakuna aliyempa gari tena. Mimi niliendelea na kazi kwa Injinia miaka mitano baada ya hapo. Mkitaka kujua mtu anawezaje, ni rahisi, anaamka tu asubuhi. Injinia sasa ana maduka mawili na anafundisha vijana. Huenda baadhi yenu ni wanafunzi wake. Diploma ile ameihamishia duka jipya, imepata fremu ya dhahabu.

Niliacha kazi siku mteja aliponiambia, “Dada, fomati tu,” nikashindwa kunyanyua mkono. Nikarudi Mbulumbulu kulima.

Mwaka huu wakati wa mavuno nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kupukuchua mahindi. Mzee mmoja mbele yangu akageuka. Amekonda, amevaa kofia ya kijani ya kazini kwake zamani, maandishi ya kampuni yameng'olewa uzi kwa uzi. Anakodi shamba kwa shemeji yake, upande wa pili wa kilima.

“Wewe si binti wa skrini nyeusi?”

“Shikamoo, Mzee Safari.”

“Marahaba. Siku ile uliandika kitu kwenye daftari kabla yule bwana hajaingia. Nimekaa na hilo miaka yote. Uliandika nini?”

Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nikikutana naye sitanyamaza tena, iwe iwavyo. Nikasema kwa sauti, watu wa foleni wakageuka. “Ext4. Jina REC. Diski ilikuwa nzima, Mzee. Sikuiharibu. Nilijua, na sikusema.”

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu magunia yake na kukuta yametimia. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Mashine ikazimwa ili waondoe magunzi.

“Sasa niambie,” akasema. “Yule bwana angefanya ile ya haraka, kama alivyotaka mwenyewe kabla sijamzuia. Ingekuwaje?”

Nilikuwa nimeapa. Nikamwambia.

“Nyingi zingerudi, Mzee. Ile ya taratibu ndiyo iliyofuta.”

Alisogeza gunia lake hatua kwa hatua mpaka zamu yake ilipofika. Nilimsaidia kunyanyua gunia mpaka mdomo wa mashine. Alipolishika upande wake akaniangalia, macho mekundu kwa vumbi.

“Hilo,” akasema, “ungeninyamazia.”